Kasi Isiyo na Kipimo

Jioni moja mjini Rumonge, tulipokuwa tukiwasomesha vijana habari za sayansi kwa Kiswahili, kosa dogo la lugha lilitufedhehesha. Tulikuwa tukiwasimulia habari za Uhuru, setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake. Ndiyo maana chombo kikapewa jina la Kiswahili. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani. Tukaandika ubaoni kwamba roketi ilikifikisha kwenye kasi ya kilomita 7.6 hivi. Tukaishia hapo.

Kijana mmoja, mwana wa mvuvi, akainua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Mbona mtumbwi wa baba wenye mashine huipita roketi hiyo?"

Darasa zima likacheka. Hasira ilitupanda, kisha ikatushuka, maana kijana alisema kweli. Ufukweni kwetu mwendo wa mashua na wa gari la Bujumbura hupimwa kwa saa. Sisi ndio tuliomnyima maneno mawili tu: "kwa sekunde".

Basi tukafanya hesabu pamoja. Saa moja ina sekunde 3,600, 7.6 mara 3,600 ni 27,360. Hizo ndizo kilomita kwa saa. Mabaharia nao huhesabu maili za bahari kwa saa, na kila maili hiyo ni mita 1,852. Kwa hiyo kasi ile yakaribia maili 14,800 za bahari kwa saa. Kisha tukalitazama ziwa. Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 670 hivi, lingevukwa kutoka ncha hadi ncha kwa muda wa dakika moja na nusu. Hapo kicheko kikakoma.

Kijana yule akauliza tena: "Na sisi tuliokaa, kasi yetu ni sifuri?"

La hasha. Dunia yazunguka, na Rumonge, kama Malindi, i karibu na ikweta. Tukiwa tumeketi twachukuliwa kuelekea mashariki mita 464 hivi kwa sekunde. Ukizidisha mita kwa sekunde mara 3.6 wapata kilomita kwa saa: kama 1,670. Roketi irushwayo kuelekea mashariki huanza safari na akiba hiyo. Ndiyo faida mojawapo ya kurushia karibu na ikweta.

Tangu jioni ile hatupokei tarakimu isiyofuatwa na kipimo chake, wala kwa mwanafunzi wala kwetu wenyewe. Twadhani kazi hiyo si ya mwalimu wa hesabu peke yake. "Kwa saa" na "kwa sekunde" ni maneno ya Kiswahili, nasi walimu wa lugha ndio tuliokabidhiwa kuyalinda.