Betri Hazikuwa Zimekwisha

Msinicheke, wenzangu. Muziki wa Joseph Haydn niliusikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uani kwenye nyumba ya watu, Dar es Salaam, mwaka 1994. Baba alikuwa mpishi wa nyumba hiyo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, najiita mwandishi. Tulilala chumba kimoja cha uani. Mama na wadogo zangu walibaki Muheza.

Mzungu mmoja wa nyumba ya jirani alipohama aliacha boksi la kanda getini. Vijana wakagombea za Bob Marley. Mimi nilichelewa, nikaambulia moja yenye picha ya mzee aliyevaa nywele za bandia. Redio yetu ilikuwa ya betri, na betri zenyewe tulizianika juani zipate nguvu kidogo. Nikaiweka kanda. Mwanzo vurugu tupu, fidla zinakimbia kama watu waliofukuzwa. Ila mwisho wake ulinishangaza. Sauti zilipungua moja moja, zikabaki fidla mbili zinanong'ona, halafu kimya. Nikasema, ah, betri zimekwisha. Nikazianika. Kesho yake ikawa vilevile, palepale.

Ndipo nikatoa kijikaratasi kilichokuwa ndani ya kasha, nikakisoma kwa msaada wa kamusi. Kumbe!

Haydn alizaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, Austria, mtoto wa fundi magurudumu. Mwaka 1761 akaajiriwa na ukoo wa kitajiri wa Esterházy. Usidhani aliajiriwa kama staa. Mkataba ulimtaka avae sare na soksi nyeupe, na kila siku afike mara mbili, kabla na baada ya saa sita mchana, kuuliza kama bwana mkubwa anahitaji muziki. Alichotunga kilikuwa mali ya bwana, hana ruhusa ya kumpa mtu nakala. Nilipofika hapo nikainua macho. Kwenye kamba ya nguo lilikuwa linaning'inia koti jeupe la kazi la baba.

Mwaka 1772 bwana wa wakati huo, Nikolaus, alikaa kupita kiasi kwenye kasri lake la Eszterháza, Hungaria. Wanamuziki wengi walikuwa wameacha familia zao mji wa Eisenstadt. Wakamlilia Haydn, kiongozi wao. Akatunga simfonia yake ya 45, iitwayo ya Kwaheri. Mwishoni, mpiga obo na mpiga baragumu wanamaliza zamu yao, wanazima mishumaa, wanatoka. Besi kubwa inasema neno lake, nayo inaondoka. Hivyo hivyo mpaka wanabaki wawili wa fidla. Inasimuliwa kwamba bwana alielewa, na kesho yake safari ya kurudi ikaanza.

Alielewaje? Kwa sababu aliujua utaratibu. Zama zile za Haydn na Mozart, simfonia kwa kawaida ilikuwa na sehemu nne: ya kwanza ya haraka, ya pili ya taratibu, ya tatu dansi ya minueti, ya nne mbio mpaka kishindo cha mwisho. Ile ya kwanza mara nyingi ilifuata umbo la sonata: wimbo unatambulishwa nyumbani kwake, unahamia ufunguo mwingine, unavurugwa katikati, kisha unarudi nyumbani. Msikilizaji aliijua njia hiyo kama sisi tunavyojua kwamba ubeti utafunga kwa kina. Kishindo kilipokosekana, bwana akashtuka.

Basi mwaka uleule mama akaugua. Baba aliomba ruhusa kwa mdomo mara mbili, akaambiwa asubiri wageni waondoke. Mwandishi mimi nikachemka. Nikaandika barua ya kurasa tatu, Kiingereza cha kamusi, nikamwita mwajiri mnyonyaji. Baba akataka nimsomee kwa Kiswahili. Nikasoma kwa sauti ya jukwaani. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Mama yako yuko ukurasa wa ngapi?"

Nikatafuta. Alikuwa ukurasa wa tatu, chini, mstari mmoja.

"Hiyo barua yako, mwanangu. Ukipata kazi utampelekea bosi wako. Sasa niandikie ya kwangu."

Ya kwake ilikuwa mistari minne. Mke wangu anaumwa. Nina miaka kumi na moja hapa. Naomba siku saba kuanzia Ijumaa. Jikoni atabaki mwanangu. Nikamwambia, "Baba, mimi najua kuchemsha chai tu!" Akasema, "Utajifunza."

Walimpa siku tano. Wali niliuunguza siku mbili za mwanzo. Mama alipona, namshukuru Mungu.

Mpaka leo sikubaliani na baba kwa yote. Bwana wa Haydn alikuwa na masikio. Asiyekuwa nayo, hata ukizima mishumaa yote, ataagiza mingine. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania likizo ya siku 28 kwa mwaka, na hiyo ni haki, siyo hisani. Baba hakupaswa kuomba vile. Lakini nikikaa kuandika, bado najiuliza mama yuko ukurasa wa ngapi. Kurasa nyingi nimezichana kwa swali hilo.

Baba alirudi Jumatano usiku na gunia la machungwa ya Muheza. Nikamsimulia habari za Haydn, nikamwekea kanda. Alisikiliza huku akimenya chungwa, mpaka zile fidla mbili zikanyamaza.

"Wamekwenda kwao?"

"Wamekwenda, baba."

"Haya, zima. Tusimalize betri."