Lubaina Himid amefika Fundo

Najua nimekuwa kimya, na wapo walioniandikia kuniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha jamani. Nilikuwa Fundo.

Kwa msiokijua, Fundo ni kisiwa chembamba upande wa magharibi wa Pemba. Unakwenda kwa boti kutoka Wete, na ukishafika unasahau saa, kwa sababu maji kujaa na kutoka ndiko kunakopanga mambo yote. Kwetu ni hapo, upande wa baba. Bibi yangu yupo hapo, ami yangu yupo hapo, na mwaka huu kaka yangu tumemzika hapo.

Niliitwa. Kaka ameacha mke, wifi yangu, mtu wa Mwanza, na mtoto wa kike ambaye hakuwa hata na miezi mitano baba yake alipofariki. Eda imekwisha na wifi anataka kurudi kwao na mtoto. Ami hataki. "Mama aende, mtoto abaki," ndiyo kauli yake, na wazee wawili watatu wako nyuma yake. Mimi niliitwa kwa sababu mbili: ni shangazi wa mtoto, na ni mwandishi wa habari, yaani kwa hesabu za ami ninajua kusema. Kazi yangu ilikuwa kumlainisha wifi.

Sasa niwaambie niliyekuwa nikimfikiria njia nzima kwenye boti... Lubaina Himid.

Kama humjui hujachelewa sana, maana hata Waingereza walichelewa. Ni mchoraji. Amezaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba Mkomoro, mama Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa vitambaa. Baba yake akafa kwa malaria yeye akiwa na miezi minne, na mama akamchukua akarudi naye Uingereza. Akakulia London. Akasomea ubunifu wa majukwaa ya tamthilia katika chuo cha Wimbledon, kisha akaenda Royal College of Art na kumaliza mwaka 1984.

Ninachompendea zaidi ni ubishi wake. Miaka ile ya 1980 kumbi za sanaa za Uingereza zilikuwa haziwajali wanawake weusi wanaochora. Yeye hakukaa kusubiri aitwe, aliwakusanya wenzake akaandaa maonesho mwenyewe. Moja ni The Thin Black Line, mwaka 1985, katika taasisi ya ICA mjini London. Wasanii kumi na mmoja! Na unajua walipewa nafasi gani? Korido. Watu wanapita kwenda kwenye mambo yao, na picha zimetundikwa pembeni. Baadaye akahamia Preston, mji wa kaskazini usio na makuu, akafundisha chuo kikuu hapo mpaka akawa profesa, na muda wote huo anachora tu.

Mwaka 2017 ndipo akapata Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63. Mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote waliotangulia. Kwa miaka mingi tuzo hiyo haikuwahusu waliotimiza miaka 50, na sharti hilo liliondolewa mwaka ule ule. Fikiria, wangechelewa kidogo tu kuliondoa!

Nakumbuka siku ile vizuri. Nilikuwa mwanafunzi, niko mafunzoni katika chumba kimoja cha habari (sikitaji). Nikaandika habari fupi: mzaliwa wa Zanzibar ashinda. Mkubwa wangu akaisoma akaniuliza, "Huyu ana uhusiano gani na sisi? Kaondoka ananyonya." Habari haikutoka. Sikuwa na jibu siku ile, na nikiwa kwenye boti la Fundo nilikuwa bado sina.

Kikao kilikuwa usiku, barazani kwa ami. Wifi alikaa ndani, nyuma ya pazia, tukimsikia akimbembeleza mtoto. Mzee mmoja alikumbusha suala la hadhana, kwamba mtoto mdogo haki ya kumlea ni ya mama, ila mama akiolewa tena mambo hubadilika. Ami akadakia hapo hapo. "Ataolewa. Bado kijana. Na mtoto atalelewa na mtu asiyemjua baba yake." Kisha wote wakanigeukia mimi.

Nikawasimulia habari za Lubaina. Ndiyo, mnaweza kucheka. Nikasema yupo mtoto mwingine aliyefiwa hivi hivi, akachukuliwa mbali zaidi ya Mwanza, wala visiwa hivi hakuvisahau. Ami alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo hadi leo linanichoma: "Huyo mmoja. Umemjua kwa kuwa ana jina. Waliochukuliwa wasirudi, utawahesabu wewe?"

Nikanyamaza. Ana haki. Maisha ya mchoraji mmoja hayawezi kuwa ushahidi wa kila mtoto anayepakiwa botini.

Kikao kikaahirishwa. Nikaenda kulala kwa bibi, na bibi hakulala. "Huyo mwanamke wako wa Uzunguni," akaniambia, "hebu nimuone." Nikatoa simu. Mtandao Fundo una tabia zake, lakini picha nyingine nilikuwa nimezihifadhi.

Nikaanza na Naming the Money, kazi yake ya mwaka 2004. Ni watu mia moja wa mbao, bapa, waliokatwa na kupakwa rangi, kila mmoja kimo cha mtu mzima. Ni Waafrika waliopelekwa Ulaya kuwatumikia matajiri: wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, wachora ramani, wafunza mbwa. Kila mmoja ana maelezo yake: jina lake halisi, jina alilopewa na mabwana, kazi aliyokuwa akiifanya kwao na anayoifanya sasa. Nikamweleza bibi hivyo. Akauliza, "Wote mia wana majina mawili?" Wote, nikamwambia. Akatikisa kichwa, akavuta simu karibu na macho.

Kisha nikamuonesha za kanga. Lubaina amechora kazi kadhaa kwa umbo la kanga, yaani pindo kuzunguka, mji katikati, na jina lake chini. Bibi akachangamka. "Imeandikwaje?" Kiingereza, bibi. "Basi hilo shuka."

Ya mwisho ilikuwa katika picha alizozichora mwaka 1999 na kuziita Zanzibar. Hizi hazina watu wala majahazi, ni rangi na michirizi tu, kama maji. Moja, nikiligeuza jina lake, inaitwa Machozi ya Wanawake Yaijaza Bahari. Nikamwambia bibi jina hilo, na hakusema kitu kwa muda mrefu. Alizika mume, na sasa kazika mjukuu. Mwishowe akauliza: "Mama yake alimwambia kwao ni wapi?"

Nikasema lazima alimwambia, maana mtoto alikuja kurudi kutazama akiwa mtu mzima.

"Na jina la baba yake analo?"

Analo bibi. Himid.

Asubuhi bibi alimwita ami, wakazungumza wawili tu. Sijui maneno yaliyopita humo. Najua ami alitoka akachukua mshipi wake akaenda baharini, na bibi akamwambia wifi afunge mizigo, maji yakijaa aondoke. Mimi nikapewa kazi nyingine: kuandika kwenye karatasi jina la mtoto, la baba yake, la babu yake na la baba wa babu yake, na mwisho neno Fundo. Mwandiko wa kusomeka, akasisitiza bibi, si ule wangu wa daftarini.

Pale ufukweni akatoa doti mpya ya kanga, bado haijakatwa. Akaikata. Kipande kimoja akamfunika mtoto, na karatasi ikafungwa kwenye pindo. Kipande cha pili akajitupia begani, akarudi nacho nyumbani kabla boti halijang'oa nanga.

Lubaina ndiye aliyeteuliwa kuiwakilisha Uingereza katika maonesho ya Venice ya mwaka 2026. Nimeiandika upya ile habari ya 2017, ndefu mara tatu, na safari hii nimeanza na baba yake.

Wifi kafika Mwanza salama. Ami hajasema nami mpaka leo.