Matembezi mafupi Nairobi ya kumfunza mtoto maana ya haki

Asubuhi za siku za kazi, foleni ya pasipoti katika jumba la Nyayo House, Nairobi, huwa na watoto wengi. Wengine wamebebwa, wengine wanavuta nguo ya mama wakiuliza watarudi nyumbani saa ngapi. Mzazi ameshika bahasha yenye vyeti vya kuzaliwa. Ni wachache wanaomweleza mtoto yaliyowahi kutendeka chini ya sakafu ya jumba hilo.

Katika orofa ya chini ya ardhi kulikuwa na seli. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi mapema miaka ya 1990, maafisa wa usalama waliwafungia humo watu walioshukiwa kuipinga serikali ya Rais Daniel arap Moi. Waliwekwa uchi gizani, sakafu ikajazwa maji ili wasilale, wakanyimwa chakula. Kisha walipandishwa orofa za juu kuhojiwa na kupigwa. Seli hizo zilifunguliwa umma uzione Februari 2003, baada ya utawala kubadilika.

Ukitoka hapo na kuvuka Uhuru Highway, unaingia bustani ya Uhuru Park, pembe inayoitwa Freedom Corner. Watoto wengi huijua bustani hii kwa mashua na aiskrimu. Lakini mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wazee walikuja hapa wakiwa pamoja na Profesa Wangari Maathai, wakaanza kususia chakula. Dai lao lilikuwa moja: wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe.

Siku chache baadaye polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya polisi, kitendo ambacho katika jamii nyingi ni laana nzito kutoka kwa mzazi. Walipofukuzwa bustanini, walipanda hadi kanisa la All Saints, mwendo wa dakika chache tu, wakakesha humo kwa takriban mwaka mmoja. Kufikia mapema 1993 wengi wa wana wao walikuwa huru.

Fidia ilichelewa zaidi. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia manusura 21 wa Nyayo House. Akina mama wa Freedom Corner walishindwa katika mahakama mbili, zilizosema walikuwa wamechelewa kushtaki. Ilibidi wangoje hadi Januari 2023 ndipo Mahakama ya Juu, ambayo uamuzi wake ni wa mwisho, ikasema haki zao zilikiukwa na wanastahili kulipwa. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita.

Katika pembe hiyo hiyo ya bustani pana mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa Septemba 12, 2015. Sanamu zake ni za mwanamke anayempa mpiganaji wa Mau Mau chakula. Mwache mtoto azitazame vizuri, kisha muulize: mbona hawatazamani? Walificha nyuso ili mmoja akikamatwa na kuteswa, asiweze kumtaja mwenzake.

Mnara huo ulifadhiliwa na serikali ya Uingereza baada ya wazee wa Kenya kuishtaki London. Juni 6, 2013, Waziri William Hague aliliambia bunge la Uingereza kuwa serikali yake inasikitikia mateso ya enzi ya ukoloni, ingawa haikukubali kuwajibika kisheria. Makubaliano kuhusu walalamishi 5,228 yalikuwa ya jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo. Kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000 ilianguka mwaka 2018, kwa kuwa miaka mingi mno ilikuwa imepita.

Hapa nyumbani, ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitolewa 2013. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha kwa niaba ya serikali na kutangaza hazina ya Sh10 bilioni. Miaka imepita, na familia nyingi zingali zinangoja.

Pesa peke yake hazitoshi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2005 zinataja pia matibabu ya mwili na akili, kuombwa radhi, kumbukumbu, na hakikisho kuwa dhuluma haitarudiwa. Aliyeteswa anaweza kushtuka usiku, kuogopa giza au kukaa kimya kwa miaka mingi, na watoto wake wakadhani baba ni mkali tu. Akipata ushauri nasaha, nyumba nzima inapumua.

Mtoto wa miaka sita hahitaji kusikia habari za seli. Kwake, hadithi ya mama waliokuja kudai watoto wao inatosha. Wa miaka 12 aelezwe wazi, na maswali yake yajibiwe.

Mkifika nyumbani, kaeni na nyanya au babu. Akikubali kusimulia, andikeni majina, mahali na miaka. Hifadhini barua ya kuachiliwa, kadi ya hospitali, picha ya zamani. Asipotaka kusema, msimlazimishe. Kesi nyingi zimeanguka kwa kuchelewa, mashahidi wamekufa na karatasi zimepotea. Bahasha inayobeba cheti cha kuzaliwa cha mtoto ina nafasi ya karatasi moja zaidi.