Chakula cha mchana cha binti zetu

Hapa Pajulu, sekondari ya serikali hukusanya watoto wa vijijini kwetu na wa mjini Arua, Walugbara na Wanubi, Waislamu na Wakristo, dawati moja. Tangu 2007 serikali hulipia karo shule zilizo katika mpango wa sekondari kwa wote, lakini chakula na sare ni juu ya mzazi. Hapo ndipo baadhi ya binti zetu huachia njiani. Sisi walimu wa madrasa tumehamishia darasa la jioni Jumamosi, wasichoke. Wapo wasemao Qur'ani yamtosha msichana, hatukubaliani nao. Harusi twazichangia, tena kwa furaha! Posho na maharage je? Ijumaa hii tutapokea michango msikitini, inshaallah, hata debe la mahindi.