Stoo ya Shule Yetu, Tabora

Mwezi uliopita tulimzika Tabora mzee aliyekuwa mtunza stoo wa shule yetu ya sekondari. Tulimwita Babu Stoo, na hata wasifu wake ulisomwa kwa jina hilo. Matangani walikuwapo daktari bingwa wa mifupa, kanali mstaafu, mhandisi wa reli na wakuu wa shule kadhaa waliokwisha kustaafu. Wengine walikuwa wamelala njiani ndani ya treni. Vijana wawili wa kidato cha tatu waliokuwa wakipanga viti walistaajabu. Mmoja akanijia: "Shikamoo babu. Marehemu alikuwa anafundisha somo gani?" Nikamwambia hakuwa mwalimu, alitunza stoo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwani hiyo stoo ilikuwa na nini?"

Dua ilikuwa inaanza, sikuweza kumjibu ipasavyo. Namjibu hapa.

Stoo ilikuwa chumba kimoja kirefu kati ya bwalo na maabara, chenye mlango wa mninga na kufuli lililojaza kiganja. Kushoto kulikuwa na rafu za vitabu vya kuazima: hisabati, fizikia, jiografia, na tamthiliya na riwaya za Kiswahili zilizokwisha kubandikwa karatasi za kaki migongoni. Katikati yalikaa madebe ya mafuta ya taa, makasha ya chaki na karabai sita. Kulia ilikuwa mipira, tufe, visahani, mikuki, vijiti vya kupokezana na viatu vya mpira vilivyofungwa jozi jozi kwa kamba. Nyuma kabisa, mbali na unyevu, zilining'inia ngoma, manyanga, njuga na mashuka ya kaniki ya maigizo.

Harufu ya chumba kile ningeitambua hata leo nikiwa nimefumba macho. Ilikuwa harufu ya ngozi ya mbuzi, mafuta ya taa, vumbi la chaki na nta. Nta ilikuwa ya nyuki wa misitu ya Unyamwezi. Babu Stoo aliinunua sokoni, akaipaka kwenye uzi wa kushonea mipira, na mpira alioushona yeye ulidumu msimu mzima. Mpira ulipopasuka alikaa kizingitini na sindano yake, miwani ikiwa imeshuka puani, akitusalimia kila tulipopita: "Mwangaluka, wanangu." Hakuwahi kuinua sauti.

Alikuwa na leja moja tu. Mkaguzi mmoja alimshauri awe na leja tatu, ya vitabu, ya michezo na ya utamaduni. Alikataa kwa heshima. Katika leja yake kila mwanafunzi alikuwa na ukurasa wake, na ukurasa huo ulibeba kila alichochukua. Mwenye deni la kitabu hakupewa viatu. Aliyerudisha ngoma ikiwa imepasuka hakuazimwa kitabu cha mtihani hadi ameikarabati. Mpiga tufe wetu bora aliwahi kukaa nje ya mazoezi wiki nzima kwa sababu ya kitabu cha kemia kilicholowa mvua, na mwalimu wa michezo alipokuja kumwombea, Babu Stoo alimfungulia leja akamwonyesha mstari wenyewe. Mwalimu akaondoka, na kijana akakaa chini na kunakili kwa mkono kurasa zilizoharibika. Huyo ndiye daktari wa mifupa niliyemtaja.

Siku zetu zilipangwa hivi. Alfajiri mchakamchaka, kisha usafi, kisha paredi. Masomo hadi saa nane. Baada ya ugali na maharage, siku mbili za juma zilikuwa za shamba, siku mbili za michezo na moja ya klabu. Usiku prepo. Jumamosi usiku bwalo lilikuwa la mdahalo, kwaya au maigizo. Hakuna aliyesamehewa lolote kwa kuwa hodari wa lingine. Tulitoka Kagera, Kigoma, Lindi, Pwani, tukiwa tumefika kwa waranti za treni, na wengi wetu hatukuwa tumewahi kuonana na watu wa makabila mengine. Tulifahamiana uwanjani na jukwaani kabla ya kufahamiana darasani.

Uwanja wenyewe tuliuchora sisi. Mwalimu wa hisabati alitutoa darasani siku moja akiwa na kamba, vigingi na kopo la chokaa kutoka stoo. Tulitakiwa kupata njia ya mita 400: mistari miwili iliyonyooka ya mita 100 kila mmoja, na nusu duara mbili za mita 100 kila moja. "Kigingi cha katikati kikae wapi?" Tukagawanya 100 kwa pai, tukapata nusu kipenyo cha mita 31.8, tukafunga kamba, tukazunguka. Kisha akauliza kwa nini mkimbiaji wa njia ya pili aanze mbele ya wa kwanza, na kwa kiasi gani. Njia ikiwa na upana wa mita 1.22, jibu ni mara mbili ya pai mara upana huo, yaani kiasi cha mita 7.7. Tuliipima ardhini kwa hatua, tukaiona. Watu walioshindwa kuielewa pai ubaoni waliielewa wakiwa na chokaa vidoleni. Mchana uleule wakimbiaji wakapita juu ya hesabu yetu.

Hali ilikuwa hiyohiyo jukwaani. Tulipoigiza *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969 na iliyokuwa imeanza kuchakaa kwenye rafu za Babu Stoo, mwalimu wa historia ndiye aliyetuongoza. Aliweka ramani ya Vita vya Maji Maji ukutani mwa bwalo, akamtaka kila mwigizaji aonyeshe anatoka wapi na atakufa wapi. Wasichana wa shule jirani walikuja kuchukua nafasi ya Bibi Kitunda na wengine, wakisindikizwa na matroni aliyekaa mstari wa mbele hadi mwisho. Babu Stoo alitoa kaniki, akazihesabu mbele ya mashahidi. Kabla ya onyesho aliwasha moto mdogo nyuma ya jiko akazianika ngoma ngozi zikaze, akizijaribu moja moja kwa kidole. Mwanga ulitoka kwenye karabai zilezile za prepo, kwa hiyo usiku wa maigizo prepo ililazimika kusogezwa, na mkuu wa shule alikubali bila kinyongo. Mji ulikuja kututazama. Tabora ni mji uliotoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, watu wake wanajua ngoma iliyolegea, na hawakuona haya kutuambia.

Mwaka wa maigizo hayo ulikuwa 1980. Nina uhakika kwa sababu ndio mwaka wa Olimpiki ya Moscow, na redio ya betri ya Babu Stoo ndiyo iliyotuletea habari. Filbert Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Julai 31, na kesho yake Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Kama maigizo yalitangulia au yalifuata, haidhuru. Ninachokumbuka ni kizingiti cha stoo kikiwa kimejaa vijana, Babu Stoo akiwa ameshika redio juu kwa mikono miwili, na uwanja wetu wa chokaa ukiwa na wakimbiaji hadi giza lilipoingia. Medali hizo mbili ndizo pekee Tanzania ilizowahi kupata katika Olimpiki. Miaka zaidi ya arobaini imepita.

Yaliyofuata nitayasema kwa haraka, maana hayana utamu. Miaka ya themanini sabuni ilikosekana, vitabu vikakosekana, na Babu Stoo akawa anashona mipira iliyokwisha kushonwa. Miaka ya tisini ikaja na uchangiaji wa gharama za elimu, na kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti ya shule kilikuwa utamaduni. Babu Stoo alistaafu katika kipindi hicho. Leja ikagawanywa, kisha ikapotea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule, yakiwamo UMISSETA ya shule za sekondari, yalisimamishwa nchi nzima, na yaliporudishwa yalikuta walimu wa michezo wamezeeka na viwanja vimeota nyasi. Zikaja shule za kata, ikaja elimu bila ada mwaka 2016, na maelfu ya watoto ambao zama zetu wangebaki nyumbani wakapata dawati. Hilo ni jema kubwa na silibezi. Sisi tulikuwa wachache mno, na wenzetu wengi wenye akili kutuzidi waliishia darasa la saba.

Lakini nilipopita shuleni baada ya mazishi niliona madarasa yamejengwa juu ya kona ya pili ya uwanja. Njia ya mita 400 haiwezi kuchorwa tena pale. Bwalo limegawanywa kwa ukuta wa matofali, nusu moja chumba cha mitihani. Stoo ni ofisi ya uhasibu. Walimu niliozungumza nao ni vijana wenye bidii, na wanabanwa kutoka juu na kutoka chini. Wana kambi za kitaaluma kwa kidato cha pili na cha nne, wana mitihani ya majaribio kila mwezi, wana kampeni za kufuta sifuri. Timu ya UMISSETA huitwa wiki chache kabla ya mashindano, wanaojua tayari wanachaguliwa, wengine wote wanarudi darasani. Mwanafunzi wa kawaida, asiye bingwa wa chochote, anaweza kumaliza miaka minne bila kushika kijiti wala kusimama mbele ya watu akasema maneno ya mtu mwingine kwa sauti yake. Kwa hilo nina hasira.

Nina hasira kwa sababu inasemwa kwamba michezo na maigizo vinapunguza muda wa masomo. Zama zetu muda wa shamba, uwanja na jukwaa ulikuwapo, na kidato cha nne walifaulu. Hesabu iliingia kichwani kupitia chokaa, historia kupitia kaniki, na nidhamu kupitia ukurasa mmoja wa leja. Shule iliyoweka ufunguo mmoja kwa vitabu, ngoma na mipira ilimfundisha mtoto kwamba yeye ni mtu mmoja.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeweka mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla, na sanaa na michezo vimepata nafasi humo. Ni hatua nzuri. Naogopa tu tusije tukawatenga wanaocheza na wanaosoma katika mikondo miwili isiyoonana.

Kwa wakuu wa shule, bodi na wazazi ninaomba jambo moja linalowezekana bila fedha za mfadhili. Rudisheni alasiri mbili kwa juma kwa kila mwanafunzi, wa mikondo yote, mabingwa na wasio mabingwa, na mkikosa uwanja tumieni barabara ya shule. Nanyi mliosoma kwenye shule kongwe za mikoa yetu, msipeleke hotuba peke yake kwenye mahafali. Pelekeni mpira, pelekeni ngoma, pelekeni nakala arobaini za tamthiliya, kisha mtake kuonyeshwa leja.