Herufi Kumi

Kaka alicheza Pokémon Red kwenye Game Boy aliyoletewa na mjomba; betri tulinunua kwa hela ya kuokota korosho. Mnyama wake wa kwanza alimwita CHILANGALA, jina la kijiji chetu. Herufi kumi, nafasi ikaishia hapo.

Kaka hayupo tena. Juzi nimejifunza hitilafu ya mchezo ule: kitu kiitwacho 8F husoma orodha ya wanyama wako kama maagizo ya kompyuta, halafu vitu vya mkobani na idadi yake vinakuwa programu yako. Unaamuru utakacho! Ila wanyama lazima uwapange upya, wengine watoke.

Kibetri kinachotunza kumbukumbu ndani ya kaseti nacho kinazeeka. Nilishika kitufe mpaka adhana ya alfajiri, nikazima bila kusevu.