Mtoto Wetu na Bahari

Sakania yetu ni mji wa mpakani. Reli kutoka kusini iliufikia mwaka 1909, lakini bahari i mbali sana. Mwaka 2018 tulivuka mpaka pamoja na mtoto wetu wa miaka miwili, tukapita Ndola hata Kapiri Mposhi. Huko tukapanda gari la moshi la TAZARA, safari ya kilometa 1,860 mpaka Dar es Salaam.

Tulipofika ufukoni Kigamboni maji yalikuwa yamekupwa. Mtoto aliogopa kwanza, akatushika nguo. Kisha akaketi akichimba mchanga kwa kijiko. Nasi watu wa bara tukasinzia chini ya mnazi. Kumbe, maji yalikuwa yakijaa! Wimbi likamwangusha, mama yake akamnyakua akitapika maji ya chumvi.

Mvuvi mzee akatuambia kwa upole: “Wanangu, bahari hupwa na kujaa mara mbili kila siku. Haimngoji mtu aamke.”

Toka saa ile tulishika zamu: mmoja akipumzika, mwingine humshika mtoto mkono. Nanyi mkienda pwani, waulizeni kwanza wenyeji saa ya maji kujaa. Siku ya kuondoka mtoto alilia, akitaka kubaki. Sisi tulimshukuru Mungu kwamba twarudi naye.